TAHADHARI: tenki za keji "zilizofanyiwa ripea" zinazouzwa hapa Malindi, usitie dawa ndani kabla hujasoma hii

Assalam alaykum na habari zenu nyote. Hii nimeikalia wiki mbili nikiwaza niandike ama ninyamaze, lakini jana nimeona tena pikapu imebeba tenki nne za aina ileile yaingia upande wa Casuarina nikasema basi, leo naandika. Jina la muuzaji silitaji na yadi yake siitaji, mimi nitawapa alama za mzigo wenyewe manake hizo zitakufaa hata ukikutana na mwingine kesho.

Ni zile tenki nyeupe za plastiki za lita 1,000 zenye keji ya chuma na paleti chini, IBC. Kazi yangu ni kusambaza dawa za pulu, klorini ya maji na asidi, mahoteli na mavila kuanzia Malindi mpaka Watamu. Tenki mpya bei yake mnaijua, kwa hivyo nilipoambiwa kuna jamaa anauza zilizofanyiwa ripea nikaenda. "Kaka hizi si za kuokota, zimetestiwa, zina stika." Nikachukua mbili, elfu kumi na tisa kila moja. Na zilikuwa zang'ara wallahi, keji imepigwa silva, hata pale chini karibu na valvu pamepigwa silva, mimi nikaona huyu bwana ni msafi kumbe ile silva ndiyo ilikuwa na kazi yake.

Ya kwanza nikaijaza klorini, tukaiweka uani kwa nyuma. Jua la mchana mnalijua la hapa. Siku ya pili kijana wangu ananiita, mzee njoo uone tenki imefura. Kufika naikuta imetuna mbavu zimebana kwenye keji, kabla hata sijafikiria la kufanya pale chini kwenye silva pakapasuka, ikaanza kutoka kama bomba la msikiti. Kijana ikampata miguuni. Tulimvua suruali hapohapo tukammwagia maji ya mpira kwa muda mrefu sana ndio tukampeleka hospitali, alhamdulillahi yuko salama, ngozi ilikuwa nyekundu tu. Mzigo karibu wote ukaenda, mpapai wa jirani ukafa, na jirani mwenyewe mpaka leo hanisalimii.

Sasa nikaanza kuchunguza. Kukwangua ile silva nikakuta plastiki imechomelewa kiraka, ufa ulikuwepo zamani umezibwa kwa moto. Na mfuniko wa juu si wake. Klorini ya maji (ile yenye namba UN 1791, namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mzigo wa hatari) yatoa gesi yenyewe kidogo kidogo, joto likizidi yatoa zaidi, ndio maana sheria za usafirishaji zataka tenki yake iwe na mfuniko wa kupumulia. Huyu ndugu aliutoa akaweka mfuniko mzima, nilipomuuliza akaniambia "si ndio isimwagike njiani". Kwa hivyo gesi haina pa kutokea, ikatafuta penye udhaifu, na udhaifu ni kiraka chake.

Nikampigia. Jibu lake ndilo limenifanya niandike. Akasema yeye hakufanya ripea, alifanya mentenansi tu, na mentenansi haihitaji testi. Subiri, wewe uliniuzia kwa maneno ya ripea na testi, sasa imekuwa mentenansi?

Hapa nawaomba msome polepole kwa sababu ndipo wanapotupigia. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mizigo ya hatari, ambazo ndizo ziko pia ndani ya IMDG ya mizigo ya meli, zatofautisha hivi vitu viwili. Kuosha, kubadilisha mfuniko au gasketi au valvu kwa ile ya aina ileile ya kiwandani, kunyoosha keji, hiyo ni mentenansi, na hata hapo lazima uhakikishe haivuji. Ripea ni kuirudisha tenki iliyoumia iwe sawa na ilivyoidhinishwa. Kwa hizi za keji, kutoa plastiki yote ya ndani na kuweka mpya ya muundo uleule kutoka kwa mtengenezaji yuleyule, hiyo ni ripea. Lakini plastiki yenyewe ya ndani ikipasuka HAIRIPEIKI. Hakuna kiraka kinachokubalika, achome kwa moto, abandike gundi ya Ulaya, aweke stika kumi. Kiraka ni kiraka, hiyo tenki ya mzigo wa hatari imekwisha habari yake.

Na hiyo testi yenyewe. Aliniambia walijaza maji ikalala usiku kucha haikuvuja. Jamani hiyo si testi, hivyo ndivyo mama zetu wapima ndoo. Testi ya kuvuja ni ya hewa, presha isiyopungua kilopaskali 20, yaani kama psi 3, kwa dakika zisizopungua 10, na hufanywa tenki ikisharipewa kabla haijarudi kazini, halafu kila baada ya miaka miwili na nusu. Ukaguzi wa ndani ni kila miaka 5. (Na tafadhali usiende kwa fundi wa pancha ukampa kompresa aijaze hewa, plastiki ya lita 1,000 ikipasuka na hewa ndani hujui kitaruka nini, hiyo ni kazi ya wenye vifaa.) Tena maji lita 1,000 ni tani moja, klorini nzito yakaribia tani moja na robo, kwa hivyo hata uzito hakuupima.

Anayefanya testi baada ya ripea hatakiwi kubandika stika ya kuchapisha saibakafe. Atakiwa aweke alama isiyofutika karibu na kile kibati cha UN, kile chenye alama za kuidhinishwa tenki, ionyeshe nchi ilipofanyiwa, jina au alama yake, na mwezi na mwaka. Yangu ilikuwa na neno la testi na mwaka tu, hakuna nani, hakuna wapi.

Kibati kisomeni. Zangu zaanza 31HA1, hiyo ni plastiki ndani ya keji kwa vimiminika, kisha Y, herufi ya kiwango cha hatari inachoruhusiwa kubeba, kisha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Zangu zasema 2016. Plastiki za aina hii zikibeba vimiminika vya hatari muda wake ni miaka 5 tangu itengenezwe, isipokuwa mamlaka ya nchi iruhusu vingine. Piga hesabu. Halafu angalia na plastiki yenyewe, nayo ina jina la mtengenezaji na tarehe yake, mara nyingi duara kama saa. Ya pili yangu kibati chasema kampuni moja, plastiki yasema nyingine kabisa. Keji ya huyu na chupa ya yule, hiyo si ripea tena, hiyo ni tenki mpya ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu.

Hiyo ya pili ndiyo yaninyima usingizi. Nilikuwa nimepanga kuijaza klorini wiki ile ile. Nilipokwangua rangi kwenye bamba la mbele nikakuta kipande cha lebo ya zamani, UN 1789, yaani asidi ya haidrokloriki. Na chini kwenye valvu kuna maji bado yamebaki ya kuwasha pua. Wenye mapulu mnaelewa, klorini ikikutana na asidi ni gesi ya klorini, na uani kwangu kuna watoto.

Sasa nyinyi akina mama wa Muyeye na Kisumu Ndogo mnaonunua hizi za maji ya kunywa, ni yadi ileile, pikapu ileile. Anaosha kwa sabuni akisema ilikuwa ya juisi. Tafuta lebo, tafuta namba yenye UN, ukiona imekwanguliwa au imepigwa rangi iache palepale.

Pesa zangu hajarudisha. Juzi amenitumia ujumbe kuwa atanibadilishia, ana nyingine "freshi kabisa", akaweka na picha. Nimeikuza ile picha. Karibu na valvu kuna silva.