Pyreverse: mchoraji wa klasi anayesema kweli ukimwandikia kweli

Mtu anapokabidhiwa mfumo wa tiketi za boti za Malindi, Unguja, na Mkoani, Pemba, folda nzima ya msimbo wa Python bila mchoro wala maelezo, cha kwanza kujua ni klasi zipi zimo (vipande vya msimbo vinavyoeleza kitu kimoja, kama tiketi au abiria) na ipi inaitegemea ipi. Kwa kazi hiyo Pyreverse, programu inayosoma msimbo wa Python na kuchora klasi zake, ndiyo ya kuanza nayo, na ni bure. Imo ndani ya Pylint, chombo cha kukagua msimbo wa Python, kwa hiyo `pip install pylint` inatosha kuipata. Ikishaingia haitaki intaneti tena, na kwa mtu wa Wete anayehesabu bando hilo si dogo.

Wengi hukwama hapo hapo mwanzoni. Pyreverse haitoi picha ya PNG peke yake. Inaitegemea Graphviz, nayo ni programu ya pembeni ya kuchora michoro. Tena `pip install graphviz` haikuletei programu hiyo, inaleta maktaba ya Python tu ya kuzungumza nayo. Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install graphviz`. Kwenye Windows, wakati wa kusakinisha, kubali iwekwe kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu), kisha funga terminali na uifungue upya. Andika `dot -V`; ikitaja namba ya toleo, mambo sawa.

Kisha:

`pyreverse -o png -p Boti mfumo`

Utapata `classes_Boti.png`, yenye klasi na mishale yake, na `packages_Boti.png`, inayoonyesha moduli zinavyoitana. Folda ya `mfumo` iwe na faili la `__init__.py`, la sivyo moduli zinaweza zisisomwe.

Sasa tufike penye uzito. Tazama msimbo huu:

```
class Tiketi:
    def __init__(self, abiria):
        self.abiria = abiria
```

Pyreverse haiendeshi programu. Inasoma msimbo kama ulivyoandikwa na kukisia aina ya kila kitu. Hapa haina cha kushika, basi Tiketi inakaa upande wake na Abiria upande wake, bila mshale, na msomaji anadhani hazijuani. Badilisha `abiria` ya ndani ya mabano iwe `abiria: Abiria`, chora tena, mshale utatokea. Orodha nazo zina shida hiyo hiyo: `self.tiketi = []` huandikwa kwenye sanduku kama `list`, na ni list ya nini huambiwi. Andika `self.tiketi: list[Tiketi] = []`, angalau jina la klasi litasomeka. Ndiyo maana mchoro wenye mapengo usiulaumu haraka. Mara nyingi pengo limo kwenye msimbo wenyewe, na kulijaza kunamfaa pia atakayeusoma baadaye.

Jambo jingine: kwa kawaida inaficha metodi na sifa zinazoanza na `_`. Ukiona klasi ina sanduku jembamba kuliko ulivyotarajia, ongeza `-f ALL`.

Usichore mfumo mkubwa wote kwa mkupuo. Klasi mia kwenye karatasi ya A4 hazisomeki na hazimsaidii mtu. Anza na moja:

`pyreverse -c mfumo.tiketi.Tiketi -a 1 -s 1 -o png mfumo`

Hapo unapata Tiketi, wazazi wake wa ngazi moja, na klasi inazohusiana nazo moja kwa moja. Bila `-a` na `-s`, amri ya `-c` hufuata uhusiano wote mpaka mwisho.

Kuna mambo ambayo haiwezi kuyajua. Boti moja inabeba abiria wangapi kwa safari, au kama tiketi ikifutwa na malipo yake yafutwe, hayo yalikuwa kichwani mwa mbunifu. Yaongeze kwa mkono. Mchoro wa mfuatano wa matukio nao usiutarajie, kwani huo mara nyingi unataka programu iendeshwe na ifuatiliwe.

Tunachokipenda zaidi ni `-o puml`. Badala ya picha inatoa maandishi ya PlantUML, lugha ya kueleza michoro kwa maneno, faili jepesi la kutumiana kwa WhatsApp, na ukilihifadhi kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, unaona mstari upi umebadilika. Kwa anayeandika ripoti ya mradi pale SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hii ndiyo njia: hariri maandishi, ongeza yaliyokosekana, ndipo utoe picha.

Kwa Java au C++ Pyreverse haikufai. Chukua Doxygen, chombo cha kutoa maelezo na michoro kutoka kwenye msimbo, na kwenye faili lake la mipangilio weka `HAVE_DOT`, `UML_LOOK` na `EXTRACT_ALL` ziwe YES, na Graphviz ile ile itafanya kazi.