Elfu tatu za "mpango wako binafsi"

Jimu hii iko hapa Kisumu, upande wa Milimani. Sisi tuliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi wanatuuzia "mpango wako binafsi" kwa elfu tatu juu ya ada ya mwezi. Kwanza unajaza fomu ndefu: titi lipi, tezi ngapi za kwapani zilitolewa, mkono umewahi kufura au la. Niliijaza yote, hata mambo ambayo dada yangu mwenyewe sijamwambia.

Basi kijana wa zamu akaniita kutoka ng'ambo ile, kwenye mashine za miguu: "Mathe! Ni titi gani walikutoa?"

Wanaume wote wakageuka. Fomu yangu ilikuwa mezani pake, ameiwekea chupa ya maji juu.

Hilo ningelisamehe. Hapana, sisamehi, lakini tuendelee. Akanipa dambeli za kilo moja. "Hizi tu, mathe. Ukibeba nzito mkono utafura." Wiki ikaisha, nyingine ikaja, kilo ni ile ile. Nami nikitoka hapo napitia Kibuye kununua viazi, na nyumbani mtungi wa lita 20 unanisubiri. Ubinafsi wa mpango huo uko wapi ikiwa hakuna aliyeuliza maji yanafikaje jikoni kwangu?

Hofu ya kufura si uongo. Tezi zikishatolewa, maji ya mwilini hukosa njia. Lakini mtafiti Kathryn Schmitz na wenzake kule Marekani walilipima jambo hili wakatoa majibu 2009 na 2010. Wanawake walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo mno na kuongeza polepole bila kuwekewa kikomo. Mikono yao haikufura kuliko ya wale wasionyanyua. Waliokuwa na uvimbe tayari walivaa soksi ya mkono ya kubana. Kwa hiyo ni kuongeza huku unauchunga mkono, si kukaa kwenye kilo moja mpaka Yesu arudi.

Dada wa zamu ya asubuhi hapo jimu analijua hilo. Alinipima mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, akaandika, akauliza nyumbani nabeba nini. Kabla ya kuongeza chochote ananiuliza, "Mama, tangu juzi mkono umekuwa mzito? Unabana?" Kama hakuna shida, tunapanda kidogo. Sasa ule mtungi naubeba bila kumwita mtoto wa jirani. Kwa ajili yake nilikuwa nawapa nyota nne.

Juzi nafika, naambiwa amehamishiwa darasa la densi la jioni, eti ndiko wateja waliko. Nikiuliza nani atanisimamia, wa mapokezi ananionyesha yule kijana kwa kidole!

Nyota moja. Na meneja asinipigie simu kuniomba niifute, aisome fomu yangu kwanza. Ada ya mwezi ujao nimeshalipa, kwa hiyo Jumatatu nipo.