Randa ya Kwanza kwa Seremala wa Jumamosi: Ipi Itangulie na Ipi Isubiri

Sisi ni kikundi kidogo cha wakazi wa Dar es Salaam tunaofanya useremala kwa mapenzi, huku riziki zetu zikitoka kwingine. Tuna desturi ya kukutana Jumamosi moja ya kila mwezi, na aliyenunua kifaa hukileta, hukiweka mezani na kutaja bei halisi aliyolipa, ambayo mara nyingine hutofautiana na ile aliyoitaja nyumbani kwake. Katika kikao cha mwisho meza ilikuwa na randa tano, zote zimenunuliwa ndani ya miezi michache. Tulipozijaribu juu ya ubao mmoja wa msonobari wa Sao Hill, mti laini usio na hila, ni mbili tu zilizotoa maranda ya kuridhisha. Tatu zilizobaki ziliparura, zikarukaruka au zikaziba kwa maranda. Kati ya hizo mbili, moja ilikuwa kuukuu, imetoka katika sanduku la vifaa vya mitumba, na nyingine ilikuwa imegharimu zaidi ya zile nne zikijumlishwa pamoja.

Jaribio hilo ndilo lililonisukuma kuandika mwongozo huu. Nimezipanga randa hizo kwa kuangalia mambo mawili tu: itamchukua mnunuzi muda gani kuifanya ikate, na baada ya hapo itadumu na kutii kwa kiasi gani. Mng'ao wa rangi na uzuri wa boksi sikuuhesabu.

Kabla ya kuingia dukani inafaa kuzielewa namba. Randa nyingi za chuma zinazouzwa leo zinafuata umbo lililobuniwa na Mmarekani Leonard Bailey, ambaye haki za ubunifu wake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na namba za kampuni hiyo ndizo zinazofuatwa hadi sasa na watengenezaji wengi. Namba 4 ina urefu wa sentimita 24 hivi, nayo hutumika kumalizia uso wa ubao. Namba 5 ina sentimita 35 hivi na hufanya karibu kila kazi. Namba 7 ina sentimita 56 hivi, na kazi yake hasa ni kunyoosha kingo za mbao zitakazounganishwa kwa gundi. Namba inaonyesha ukubwa, wala haisemi lolote kuhusu ubora, jambo ambalo wauzaji wengine hawaoni sababu ya kulieleza.

Nafasi ya kwanza naipa namba 5 ya chuma iliyokwisha kutumika, iliyotengenezwa Uingereza au Marekani zamani. Yangu ina jina la Record ubavuni, kampuni ya Sheffield iliyoanza kutengeneza randa mwaka 1931, na niliipata kwa shilingi 40,000 baada ya muuzaji kuanzia 70,000. Sababu ya kuiweka juu ni kwamba chuma chake kimekwisha kutulia kwa miaka mingi, sehemu zake zinashikana bila kulegea, na uzito wake, zaidi kidogo ya kilo 2, huisaidia kupita kwenye fundo la mti bila kuruka. Urefu wake nao ni wa katikati: inaweza kunyoosha ukingo wa meza ndogo, kupunguza mlango uliovimba wakati wa masika, na kulainisha uso wa ubao endapo kisu kimenolewa sawasawa. Wapo katika kikundi chetu wanaoshikilia kwamba namba 4 ndiyo ya kuanzia kwa kuwa ni nyepesi. Mimi naona wepesi huo humponza anayejifunza, kwa sababu randa fupi hufuata mabonde ya ubao badala ya kuyasawazisha.

Randa kuukuu hukaguliwa kwa utaratibu, na ni vyema kwenda na rula ya chuma na tochi ya simu. Anza na mdomo, yaani ule mwanya ambamo kisu hutokeza chini, kisha mbavu za pande zote mbili, ukitafuta ufa. Chuma cha kusubu hupasuka kikianguka sakafuni, na randa yenye ufa mdomoni haifai kununuliwa hata kwa bei ya kutupa. Baada ya hapo mwombe muuzaji aifungue, ukiangalia urefu wa kisu uliobaki chini ya ule mwanya mrefu ulio katikati ya kisu chenyewe, kwa kuwa mafundi waliotangulia huenda walikinoa mpaka kikakaribia kwisha. Kutu ya juu juu isikutishe. Kutu iliyochimba vishimo karibu na makali, upande wa nyuma wa kisu, ni habari nyingine, kwa sababu kila utakaponoa utakutana na pengo. Mwisho weka rula chini ya randa, uielekeze kwenye mwanga: bonde dogo la katikati linavumilika ilimradi ncha ya mbele, sehemu iliyo mbele tu ya mdomo, na kisigino viguse rula kwa pamoja. Mpini uliovunjika ni sababu ya kupunguziwa bei tu, kwani fundi yeyote wa Keko, na hata wewe mwenyewe baada ya majaribio mawili, mnaweza kuchonga mwingine wa mninga.

Kuiamsha randa ya namna hiyo ni kazi ya siku moja. Skrubu na vipande vidogo vya chuma hulowekwa katika siki usiku kucha, husuguliwa kwa brashi ya waya, husuuzwa kwa maji ya magadi ili ukali wa siki uishe, kisha hukaushwa na kupakwa mafuta mara moja, maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya ndani ya saa chache. Wenye ndugu Uingereza wana njia fupi zaidi, kwa sababu huko randa kuukuu ni nyingi kwenye masoko ya vitu vya kale na bei zake ni za chini. Ila ndugu aiweke katika mzigo unaopakiwa chini ya ndege, asije akanyang'anywa ukaguzini kwa kuwa na kisu mkobani.

Nafasi ya pili ni namba 4 au namba 5 mpya kutoka India, ambayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, Kariakoo na Gerezani kwa hapa kwetu. Umbo lake ni lile lile la Bailey na chuma chake ni kizito vya kutosha, lakini mnunuzi aielewe kuwa ni randa iliyoachwa nusu ya safari. Uso wa chini mara nyingi haujasawazishwa, kiti cha kisu, yaani pale kisu kinapolalia, kina rangi iliyoganda, na kile kipande kinachokaa juu ya kisu ili kuvunja maranda hakilali vizuri, kwa hiyo maranda hupenya katikati na kuziba mdomo, jambo lililompata mwenzetu siku ile. Bandika msasa wa namba 120 juu ya kioo kinene, paka mistari ya kalamu chini ya randa, kisha uisugue, kisu kikiwa kimekazwa mahali pake lakini kimerudishwa ndani, mpaka mistari yote ifutike. Ni jasho la saa kadhaa. (Neno hilo msasa, kwa asiyejua, ni jina la mti ambao majani yake ya kukwaruza yalitumika kulainishia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika.) Kisu chake hupoteza makali mapema, lakini kwa kuwa namba 4 na namba 5 kwa kawaida hutumia kisu cha upana ule ule wa inchi 2, unaweza baadaye kukibadilisha kwa kilicho bora.

Ya tatu ni randa ya mti iliyochongwa na fundi, yenye kisu kilichobanwa kwa kabari. Huteleza kwa ulaini ambao chuma hakiufikii, haina kutu isipokuwa kwenye kisu, na ikianguka haipasuki. Ugumu wake ni kurekebisha kina cha mkato, ambako hufanywa kwa kugonga kisu au kisigino cha randa kwa nyundo ndogo, na mkono mgeni hugonga zaidi ya inavyotakiwa. Vilevile mti wake huvimba na kusinyaa kwa majira, na uso wa chini unahitaji kusawazishwa tena masika yakipita. Kwa mwenye fundi jirani wa kumwelekeza ningeipandisha hadi nafasi ya pili.

Nafasi ya nne itawashangaza wengine, kwa sababu nimewaweka hapo Lie-Nielsen wa Maine nchini Marekani na Veritas wa Kanada, ambao randa zao hutoka kwenye boksi zikiwa karibu tayari kukata. Hakuna mezani pale aliyebisha ubora wake. Ila ukijumlisha bei, usafirishaji na ushuru, fedha hiyo ingeweza kununua randa kuukuu, patasi nne, msumeno mzuri na mawe ya kunolea, na anayeanza anavihitaji vyote hivyo kuliko randa moja ya kutamanisha.

Ya mwisho ni ile ya rangi inayong'aa, mpini wa plastiki na kiti cha kisu cha bati lililokunjwa. Kisu hutetemeka kila kinapokutana na mti mgumu, na hakuna marekebisho yatakayoliponya bati hilo. Usiinunue.

Wengi huuliza kuhusu ile randa ndogo ya kushika kwa mkono mmoja. Ni kifaa kizuri cha kuvunjia ukali wa kingo na kusawazisha ncha za mbao zilizokatwa kwa kuvuka nyuzi, hasa ile ambayo kisu chake kimelala kwa pembe ya nyuzi 12, lakini iwe ununuzi wa pili, kwa kuwa haiwezi kusawazisha ubao mpana.

Randa yoyote utakayochagua, tenga karibu theluthi ya fedha yako kwa kunoa. Jiwe la pande mbili la kawaida, kifaa chenye kigurudumu cha kushikilia kisu katika pembe moja, na kipande cha ngozi cha kumalizia makali vinatosha. Noa kwa pembe ya nyuzi 25, kisha umalizie ncha kwa nyuzi 30. Aina ya mbao ndiyo itakayoamua utarudi kwenye jiwe mara ngapi: msonobari husamehe, msaji, kama ule wa mashamba ya Longuza na Mtibwa, una chembe za silika zinazokula makali, na mvule huweza kuficha mawe ya chokaa ndani yake, ambayo hutia kisu pengo bila onyo. Kwa mninga wenye nyuzi zinazopishana, sogeza kile kipande cha kuvunja maranda hadi chini ya nusu milimita kutoka kwenye makali, toa maranda membamba, na usugue mshumaa chini ya randa ili itembee.

Kwa sisi tunaoishi pwani, hewa ya chumvi haisubiri. Baada ya kazi futa randa yote kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, uilaze juu ya ubao au rafu ya mbao, kamwe isikae juu ya sakafu ya saruji, na wakati wa masika uifungue walau mara moja kwa wiki hata kama hukuitumia, kwa kuwa kutu huanzia pale kisu na kile kipande cha juu yake vinapogusana, mahali ambapo macho hayafiki.