Fundi wa kanzu aliyenishonea labkoti, Langoni Lamu: nyota nne, ya tano kaila mwenyewe

Haya jamani, hii ni ya wale mliopata barua ya udaktari na mko Lamu au visiwa vya karibu, na mama zenu washaanza kuuliza wapi pa kununua hiki na wapi pa kununua kile. Naandika kuhusu fundi mmoja tu, fundi cherehani, kwa sababu katika vitu vyote nilivyohangaikia kabla ya kusafiri ni labkoti, lile koti jeupe la daktari na la maabara, peke yake ndilo ambalo ningerudi nyuma leo ningefanya vilevile. Vingine nilivyonunua kwa kiherehere vimelala chini ya kitanda.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, ilipotoa majina nikajiona kwenye udaktari, nyumba ilijaa watu, mama akapika mahamri ya kulisha mtaa mzima, na mimi usiku huohuo niko na simu naagiza labkoti mtandaoni, duka sitalitaja. 1,300 na nauli ya kifurushi juu yake. Likaja siku ya tisa, kwa basi mpaka Mokowe alafu kwa boti, na ulikuwa msimu wa kusi kwa hiyo mfuko uliingia maji ya chumvi, hilo si kosa la mtu. Kosa ni koti. Jepesi mpaka maua ya dera yanaonekana kwa juu, mikono imekwisha kabla ya kufika kwenye kifundo cha mkono, na nikilivaa juu ya buibui halifungi kifuani ng'o. Kaka yangu akavuta uzi mmoja uliochomoza akauwashia kiberiti, ukajikunja ukawa tone jeusi gumu kama shanga. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Maana maabara kuna moto, na kitambaa cha namna hiyo kikishika moto hakiishi jivu, kinayeyuka kinagandia kwenye ngozi. Pamba nayo inaungua, tusidanganyane, ila haigandi.

Khalati akasema mbona wajitesa na mafundi wamejaa hapo Langoni, si uende kwa yule wa kanzu. Nikaenda.

Duka unaacha Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, unakata ndani kidogo, uliza fundi wa kanzu mwenye baraza wanapokaa wazee utaoneshwa, jina lake siliweki hapa kwa sababu mwenyewe hataki mambo ya mitandao. Ni chumba kimoja, cherehani ya miguu iko mlangoni kabisa ili apate mwanga, kwa hiyo ukipimwa unapimwa njiani, punda akipita na mchanga unabana ukutani, akishapita mnaendelea.

Nikamwambia ami nataka koti jeupe la daktari. Akanitazama. "La daktari nani?" Nikasema langu. Basi ikawa habari, akawageukia wa barazani akawatangazia, maashallah zikamiminika, na kabla utepe haujafika begani kwangu mzee mmoja ashapandisha kikoi ananionesha goti, ati "hili laniuma tangu mfungo sita na usiku ndio zaidi". Nikamwambia mzee wangu mimi hata ukurasa wa kwanza sijafungua, ni miaka sita hiyo na mwaka mwingine wa intaniship baadaye. Akasema haya, litazame tu. Nikalitazama. Lilikuwa goti.

Kitambaa nilinunua mwenyewe, pamba tupu nzito, 350 kwa mita, koti moja refu lanichukua mita mbili na nusu kwa vile mimi mrefu na nataka livaliwe juu ya buibui. Nilichukua ya makoti mawili. Nilidhani atakata siku ileile, wapi, akakiroweka usiku kucha kwenye ndoo, akakianika darini, kikakauka ndio akashika mkasi. Nikamuuliza kwa nini akanambia pamba ikirudi acha irudi sasa, isirudi ukishalivaa. Yaani angekata kikavu, nikafua mara mbili ningekuwa na koti la mdogo wangu. Hiki kitu hakuna duka la mtandaoni litakufanyia.

Sasa mkumbuke huyu ni fundi wa kanzu miaka yote. Siku ya kujaribisha nakuta koti linafika kwenye enka, mikono mipana inapepea, na amesimama ananiuliza kwa upole kabisa, "Shingoni nikuwekee darizi?" Hariri nyeupe ashaitoa. Wallahi nilitamani kusema ndio. Lakini nikamueleza, ami, mkono ukiwa mpana hivi nikiinama unaingia kwenye asidi au unapitia juu ya moto, na chini likiburura linazoa kila kitu. Hakukasirika, alikaa akafikiri, akafumua mikono yote miwili mbele yangu kwa wembe akaikata upya, akaweka mkanda wa kishikizo mwishoni unaobana juu ya mkono wa buibui. Urefu akaleta chini ya goti kidogo, na ile ziada hakuikata, ameipinda kwa ndani.

Hapo barazani kuna kijana amewahi kukaa Uingereza, akadakia kwamba huko madaktari hawavai tena haya makoti ya mikono mirefu. Nikaja nikaangalia, ni kweli, tangu 2008 hospitali za umma za huko wanatakiwa mikono iwe wazi kuanzia kisugudi kwenda chini wakiwa na wagonjwa, kwa sababu ncha za mikono ya koti ndizo zinazobeba uchafu. Ila sisi tunaoanza tunaenda maabara kwanza kabla ya wagonjwa, na maabara mkono mrefu ndio unaokukinga. Mimi nilichokichukua kwenye ule mjadala ni kwamba koti moja halitoshi, moja likiwa kwenye maji lingine likiwa mwilini.

Kitu kilichonimaliza ni mifuko. Akanambia toa kalamu, nikatoa biki, akaiangusha ndani ya mfuko, akaitoa, akaiangusha tena, labda mara kumi, anasikiliza. Alafu akaingiza kidole akapapasa kona ya chini, akasema hapa ndipo itakapotokea, akarudi cherehani akapiga mshono wa pili na kipande cha kitambaa ndani. Mifuko mikubwa miwili chini inaingia daftari, mmoja kifuani, na mmoja wa siri kwa ndani wa simu ambao sikuuomba. Pembeni kaacha mpasuko ili nifikie mfuko wa nguo niliyoivalia koti juu yake bila kufungua koti. Nyuma pia kaacha mpasuko, ukikaa halikuvuti.

Mpaka hapo ni nyota tano. Sasa sikilizeni ya nyota iliyoliwa.

Huyu mzee hana kalenda. Ana neno moja tu, "ndoo kesho", yaani njoo kesho. Nimekwenda kesho, ndoo kesho. Nimekwenda na mama, mama akaamkiwa vizuri, akaulizwa hali ya nyumba nzima, akapewa kahawa na halua, ndoo kesho. Mara kuna harusi na bwana harusi ana kanzu, mara wingu, mara uzi mweupe umekwisha na haweki mwingine kwa sababu ule wa pili haufanani weupe. Wiki tatu zilienda hivyo. Mimi kwa wakati huo nakimbizana na fomu ya daktari isainiwe, picha za pasipoti, kopi za risalti slip, mkopo wa HELB, na yeye anajua fika ninasafiri Jumatatu kwa sababu nimemwambia kila siku. Jumapili baada ya isha ndio kanipa, koti moja limekamilika, la pili halina vishikizo hata kimoja. Vishikizo vyenyewe kanipa kwenye karatasi ya gazeti, ati "wewe daktari utashona watu, kishikizo kitakushinda?" Nilitaka kulia nikacheka. Nilikaa mpaka saa sita za usiku nashona, na kimoja kilipotea, kwa hiyo cha tatu kutoka juu ni cha kanzu ya baba, cheupe kinachong'aa. Mpaka leo kiko.

Nisimseme vibaya peke yake, ningeenda mapema ningelala. Ukitaka makoti yake mpe mwezi mzima, na mdanganye tarehe ya safari, sema wiki moja kabla. Mimi nimeshaanza kuwaambia wadogo zangu hivyo.

Bei sasa, kwa sababu ndio mtauliza. Kitambaa 1,750, kushona 700 kila moja, vishikizo 100, jumla 3,250 makoti mawili. Mawili ya mtandaoni yangekuwa 2,600 bila nauli. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba fundi ni rahisi, si rahisi. Ila lile la mtandaoni sasa hivi mama anapangusia meza.

Niko wiki ya sita huku bara. Koti moja nimelitenga la anatomia tu, maana ile formalini wanayohifadhia maiti haina adabu, inakufuata mpaka mezani kwa chakula, na ukifua koti lile pamoja na nguo zako umeharibu zote. Naliloweka peke yake, na likipata damu ni maji ya baridi kwanza, maji moto yanaigandisha kwenye kitambaa, bibi alinifundisha hii kwa damu ya samaki na huku wenzangu wananiona mtaalamu. Jik naitia kwa mbali sana kwa sababu inakula pamba. Mishono haijafumuka hata mmoja. Mwenzangu wa chumbani koti lake lishaachia mfuko kwa sababu ya kalamu, hasa pale kwenye kona aliposema mzee.

Na kwa faida yenu, vile vilivyo chini ya kitanda: stethoskopu niliyoifungia kibwebwe wiki nzima sijaitumia hata siku moja, mwaka huu ni anatomia, fiziolojia na baiokemia, wagonjwa baadaye. Tena usiinunue kwa mtu wa mtandaoni anayekuuzia ile chapa ya Littmann kwa bei ya karanga, feki ni nyingi. Vitabu vikubwa vipya pia ngojeni, waliotutangulia wanauza vyao kwa bei ya kuelewana na baadhi wanatoa bure. Cha kufanya mapema ni chanjo ya homa ya ini B kwa ambaye hana, ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza, kwa hiyo ukisubiri ufike chuo umechelewa.

Wiki iliyopita kaka yangu alinipigia yuko hapo kichochoroni, mzee kamuuliza kama mkanda wa mkono umekaa sawa au aubadilishe kwa lile jingine atakalonishonea nikija likizo. Sikumwambia nataka jingine. Ashapima, anasema, kitambaa tu.

Ukienda nenda baada ya alasiri, jua limetoka mlangoni na kichwa chake kimetulia, Ijumaa asubuhi usijisumbue. Nenda na kitambaa chako, lipa nusu, ile nusu nyingine ishike mpaka uone vishikizo. Na usitamke neno daktari kwa sauti, sema koti jeupe tu, la sivyo utaoneshwa goti.