Izakaya ya Shimbashi kwa macho ya mgeni asiyekunywa pombe

Tangu mwaka jana nimekula mara mbili katika izakaya moja iliyo karibu na stesheni ya Shimbashi, jijini Tokyo, na mara zote nilikwenda na wafanyakazi wenzangu baada ya kazi. Mara ya kwanza ilikuwa karamu ya kunikaribisha mwezi Aprili, mwezi ambao ofisi nyingi za Japani huanza mwaka wao wa kazi na kupokea watu wapya. Mara ya pili ilikuwa karamu ya kufunga mwaka, mwezi Desemba. Izakaya ni nyumba ya kunywea pombe inayouza pia vyakula vidogo vidogo vya kula kwa pamoja, nami ni Mwislamu wa Tanga nisiyegusa pombe. Jina la nyumba hiyo sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza ni ya nyumba nyingi za aina yake. Huduma yake naieleza kama nilivyoikuta, kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaohamia Japani kikazi, ambao hawatamaliza mwezi bila kualikwa mahali kama hapo.

Mlangoni mtu huvua viatu na kuvifungia katika kisanduku chenye ufunguo wa kibao cha mti, jambo ambalo sisi tuliokatazwa tangu utotoni kukanyaga jamvi na viatu hatuhitaji kuelezwa. Meza ni fupi, lakini chini yake kuna shimo la kuteremshia miguu, hivyo hata mwenye maumivu ya magoti hukaa bila taabu. Nilitaka kuketi karibu na mlango, kama afanyavyo mgeni asiyependa kujitanguliza, nikaondolewa hapo kwa upole na kupelekwa ndani kabisa, ubavuni mwa mkuu wa idara. Nafasi iliyo mbali na mlango ndiyo ya heshima. Ya mlangoni hukaliwa na mdogo wa ofisi, ambaye ndiye mwenye kazi ya kupokea sahani na kuwaagizia wenzake.

Glasi zilipofika, watu wote walizinyanyua na kuambiana "otsukaresama desu". Maneno hayo nimewahi kusikia Waingereza wakihangaika kuyafasiri, lakini mimi niliyaelewa papo hapo, maana ni "pole na kazi" yetu. Nilifurahi mno kuyasikia, mbali na nyumbani kama nilivyokuwa. Kisha nikakosea. Glasi yangu ya chai baridi ilipopungua, nilichukua jagi na kujimiminia mwenyewe, na kijana aliyeketi mbele yangu akashtuka kana kwamba amezembea jambo kubwa. Pale mtu hajimiminii; humtazama jirani yake, na akiona glasi inapungua humjazia, mdogo akimimina kwa mikono miwili na mkubwa akiinua glasi yake kupokea. Mimi niliyefundwa kutoa na kupokea kwa mkono wa kulia nilisita kuuleta wa kushoto, mpaka nilipokumbuka tunavyonawishwa mikono kabla ya kula, mtoto akishika birika na kupita kwa wakubwa mmoja baada ya mwingine, bila mtu kujimwagia maji mwenyewe. Tangu hapo sikukosea tena, na mwezi Desemba nilimjazia mkuu wa idara glasi ya chai mara nne, kwani naye alikuwa amekatazwa pombe na daktari wake.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Samaki wa kuchoma alikuwa upande wangu, na kwa mazoea ya kula sinia moja, ambapo mtu humsogezea mwenzake kipande kizuri, nilichukua mnofu kwa vijiti na kumpelekea dada aliyekaa kando yangu. Yeye alikuwa ameshika vijiti vyake, lakini badala ya kupokea navyo aliviweka chini upesi na kuninyooshea kisahani. Tulipokuwa tukivaa viatu ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, kwamba kupokezana kitu kwa vijiti ni jambo la msibani: baada ya maiti kuchomwa, jamaa huokota mifupa kwa vijiti na kuiweka katika chombo chake. Namshukuru kwa kunisitiri mbele za watu. Wahudumu huleta vijiti vya akiba vya kugawia chakula. Mgeni avitumie hivyo, na amwekee mwenzake chakula kwenye kisahani.

Chakula chenyewe ni kizuri. Samaki huchomwa kwa chumvi tupu na huletwa akiwa bado anachuruzika mafuta, na maharage mabichi ya soya, yaliyochemshwa ndani ya maganda yake, ni kitu ambacho nimeanza kupika nyumbani. Hata hivyo, asiyetumia pombe hana budi kuuliza kila sahani. Mishikaki ya kuku huchovywa katika sosi ambayo kwa kawaida hupikwa kwa sake, yaani pombe ya mchele ya Kijapani, na kwa mirini, kinywaji kitamu cha mchele chenye kileo cha asilimia 14 hivi, na orodha ya vyakula ya nyumba hii haielezi neno juu ya hilo. Kuku mwenyewe hakuchinjwa kwa utaratibu wetu, kwa hiyo nilimwacha. Mhudumu niliyemuuliza alikwenda jikoni mara tatu kuniulizia, bila kukunja uso, na uvumilivu wake ndio ulionifanya nirudi.

Ninaloilaumu nyumba hii ni bei. Karamu huuzwa kwa mtu mmoja mmoja, chakula pamoja na vinywaji visivyo na kikomo kwa saa mbili, na sharti ni kwamba meza nzima ichukue mpango huo huo. Ikibaki nusu saa mhudumu huja kuchukua oda ya mwisho, na saa mbili zikitimia watu huondoka. Kwetu kumwonyesha mgeni saa ni kumfukuza, lakini pale hakuna anayechukizwa. Mwezi Aprili sikulipa, kwa sababu mkaribishwa hulipiwa na wenzake. Mwezi Desemba bili iligawanywa sawasawa, nami nikatoa yeni 5,000 kwa sahani mbili za samaki na chai. Wenzangu siwalaumu, kwani waliliona jambo hilo na wakaniomba radhi bila mimi kusema. Nyumba nyingine za mji huu zina bei nafuu kwa wasiokunywa, na hii, ambayo hujaa wafanyakazi wa maofisini kila jioni, haishindwi kufanya hivyo.

Zamu ya kuandaa karamu ya Aprili ijayo imeniangukia mimi, na tayari nimewapigia simu. Wamekubali samaki wote watiwe chumvi badala ya sosi, na wameahidi karatasi inayoonyesha vyakula vyenye mirini na nguruwe. Kuhusu bei ya vinywaji waliniomba niwasubiri hadi mwisho wa mwezi, na wakikataa nitaipeleka karamu kwingine.