Peerless Assassin 120 SE juu ya Ryzen 5 5600X: kweli unahitaji kubadili kipozeo?

Nimetoa ile Wraith Stealth, kipozeo cha kupunguza joto kilichokuja kwenye boksi la prosesa yangu ya AMD, Ryzen 5 5600X, nikafunga kikubwa zaidi, Thermalright Peerless Assassin 120 SE, na kama na wewe unawaza kununua soma kwanza hapa, manake mtu akiuliza hili swali anajibiwa haraka haraka "chukua kipozeo kikubwa" na hakuna anayemuuliza ana prosesa gani wala anaifanyia kazi gani.

Niseme mapema tu, kwenye gemu sijaona tofauti ya spidi ya kuongelea. Kilichobadilika ni kelele. Kile kifeni cha kwenye boksi kikibanwa kinalia kama mashine ya kukaushia nywele, na kinachochosha zaidi sio hata ukubwa wa sauti, ni ile panda shuka, unafungua ukurasa mzito kinanguruma sekunde mbili kinanyamaza, unafungua mwingine kinaanza tena. Mimi nahariri sauti na video, nashinda na hiyo kompyuta kutwa nzima, kwa hiyo ukimya kwangu ni kitu cha kulipia hela kabisa. Ila kwa mtu ambaye muda wote yuko na hedifoni anacheza gemu, hiyo hela bora aongezee kwenye kadi ya grafiki.

Ukivishika vyote viwili mkononi unaelewa mara moja kwa nini. Wraith Stealth ni pande la alumini tupu lenye feni juu, halina bomba la shaba hata moja. Peerless ina mabomba sita yanayobeba joto kutoka kwenye prosesa kulipandisha kwenye minara miwili ya mapezi, na feni mbili za milimita 120 zinapitisha hewa humo. Joto linatawanyika sehemu kubwa sana, so feni hazina haja ya kukimbia. Nikirenda video, yaani kutoa faili la mwisho, nilikuwa naona nyuzi 80 na kitu, sasa hata 70 kufika ni shida.

Lakini zile 80 na kitu hazikuwa ugonjwa, hapa ndo watu wengi wanatishika bure. Kikomo cha 5600X walichoweka AMD wenyewe ni nyuzi 95, ikigonga hapo ndo inajipunguzia spidi isiungue. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela pima, weka HWiNFO, programu ya bure ya kuonyesha joto na spidi, washa Cinebench, programu ya kupima nguvu, iibane prosesa dakika 10 hivi uangalie joto linasimama wapi na spidi inabaki pale pale au inashuka. Kama haishuki na kelele haikusumbui, huna sababu ya kununua chochote. Na kama kompyuta ni ya siku nyingi na joto limeanza kupanda juzi juzi tu, piga vumbi kwanza ubadilishe na ile pesti iliyokauka, yaani ile ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Wengine hawana la kuchagua. Prosesa za Intel zenye herufi K mwishoni mwa jina haziji na kipozeo, Ryzen 7 5800X nayo hivyo hivyo, hapo lazima ununue. Na Core i9-13900K inaweza kuvuta mpaka wati 253, hiyo ni habari nyingine kabisa, usiilinganishe na 5600X ya wati 65. Kwa wati 65 hata mnara mmoja kama DeepCool AK400 unatosha vizuri, mimi nilichukua minara miwili kwa sababu nataka kupanda kwenda 5800X baadaye. Cha maji sikukifikiria, kina pampu ambayo nayo inaweza kufa, ya nini kwa prosesa ndogo hivi.

Sasa kwenye kufunga ndo kuwe na umakini. Pima keisi yako, Peerless ina urefu wa milimita 155 na keisi nyembamba haziufikii. Angalia na ramu, feni ya mbele inakaa juu yake, ramu ndefu zitakulazimisha uipandishe feni na urefu unaongezeka tena. Wa Intel anayenunua kipozeo kilichotumika aulize soketi, yaani pale prosesa inapokaa kwenye madabodi, manake LGA1700, soketi ya Intel ya 2021, ilihamisha matundu ya kufungia kipozeo kutoka milimita 75 kwenda 78, vishikizo vya zamani havikai.

Na kwenye AM4, soketi ya hii 5600X, tafadhali usikivute cha zamani kwa nguvu! Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, pesti ikigandamana prosesa inang'oka nayo kwenye soketi hata kama kile kimkono kimefungwa, na pini zikipinda ndo basi. Washa gemu kidogo pesti ilainike, zima, chomoa umeme, legeza skrubu kwa kuvuka kona kwa kona, halafu zungusha kushoto kulia taratibu mpaka usikie kimeachia ndo uinue. Wakati huo mkono mmoja uwe umeshikilia bamba la nyuma ya madabodi, linashikiliwa na hizo hizo skrubu, ukizimaliza linadondoka na utalihitaji kwa kipozeo kipya.

Pesti weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, na ile plastiki ya chini ya kipozeo uibandue. Zile waya za kubana feni zinasumbua kwenye vipozeo vya namna hii vyote, ramu zitoe kwanza upate nafasi ya vidole.

Ukimaliza ingia baiosi, yaani mipangilio ya madabodi, uweke feni zitulie mpaka nyuzi 60 ndo zianze kupanda pole pole, manake ukiziacha zilivyo zinaweza kufuata kila kajoto kanakoruka na utajikuta na ile ile panda shuka ya mwanzo, ila kwa sauti ya chini.