Hema la ufuo linalojikunjua: kivuli kizuri kwa watoto, vigingi vya bure

Wazazi wa Nairobi hukutana na hema hili wanapojiandaa kwenda Diani na watoto, au wanapohamia miji ya China kama Shenzhen, Guangzhou au Qingdao kwa kazi na masomo, ambako kila Jumamosi ya kiangazi watoto hudai bahari. Ni lile la poliesta lenye pete za waya wa springi zilizoshonewa ndani. Ukilitoa mfukoni na kulirusha mbele yako, linasimama kabla mtoto hajamaliza kuvua viatu. Linafaa kununuliwa, mradi ujue cha kukagua dukani na ubadilishe jinsi linavyofungwa chini.

Anza na kitambaa. Usitosheke na neno la muuzaji kwamba linazuia jua; tafuta lebo yenye maandishi GB/T 18830, kiwango cha China cha vitambaa vya kukinga miale. Kwa kiwango hicho, UPF, yaani kipimo cha kitambaa kukinga miale ya jua, lazima ipite 40, na miale ya UVA (aina mojawapo ya miale hiyo) inayopenya iwe chini ya asilimia 5. Kisha ingia ndani mwenyewe utazame juu. Ukiona vitundu vya mwanga kwenye mikunjo, ganda la rangi ya fedha lililopakwa kitambaani limeanza kuchubuka hata kabla halijaonja chumvi. Lenye ganda jeusi ndani, ambalo Wachina huliita heijiao, hutoa kivuli kizito zaidi. Maneno "watu 3 hadi 4" yasikudanganye: yanahesabu watu waliolala bega kwa bega bila mizigo. Ukiweka mkoba wa nepi, ndoo na chupa za maji, hapo ni mtu mzima mmoja na watoto wawili.

Upepo ndio unaolishinda. Vigingi vinavyokuja nalo ni vijiti vyembamba vya kuchomeka kwenye nyasi, na kwenye mchanga mkavu hung'oka kwa mvuto mmoja. Dawa ni kuzika uzito. Jaza mchanga mbichi kwenye mfuko wa kitambaa, ufunge kwa kamba ya hema, chimba hadi mkono uingie kufikia kiwiko, fukia, shindilia kwa mguu. Mchanga mbichi wa lita 5 hufika karibu kilo 9. Kila pembe ipate mfuko wake.

Kosa jingine ni jinsi mlango unavyoelekezwa. Diani inatazama mashariki, na miezi ya kusi upepo hutoka baharini, kusini-mashariki. Dameisha ya Shenzhen na Ufuo Nambari 1 wa Qingdao zinatazama kusini, na huko pia upepo wa kiangazi hutoka majini. Ukielekeza mlango baharini ili uwaone watoto, upepo unaingia na kulijaza hema kama tanga. Ukiupa upepo mgongo, watoto wanabaki nyuma yako. Kwa hiyo hema lisilo na dirisha la wavu mgongoni halifai familia hata likiuzwa nusu bei. Lenye dirisha hilo ligeuze mgongo majini na ukunje pazia, upepo upite katikati na kupoza ndani. Hata hivyo dirisha halichungi mtoto. Mtu mzima mmoja lazima akae nje, kati ya hema na maji.

Usifunge zipu ya mlango mtoto akiwa amelala ndani. Bila upepo kupita, joto hupanda haraka kuliko nje. Jua la pembeni likiingia mlangoni, tundika leso kwa vibanio viwili na uache mwanya chini.

Kulikunja ndiko kunakowatoa watu jasho. Kung'uta mchanga, laza pete zote ziwe kitu kimoja bapa, kisha lisimamishe kwa ukingo. Shika ukingo wa juu, uusukume chini huku ukiuzungusha ndani, mpaka waya ujipinde kama tarakimu 8. Hapo pete huangukiana zenyewe na kuwa miduara midogo. Anayebonyeza kwa nguvu bila kuzungusha huvunja mgongo wa waya, na pete iliyopinda kona haisimami vizuri tena. Watoto wakae mita 2 mbali, kwa sababu waya ukiponyoka mkononi huruka usawa wa uso wao. Jifunze kwanza kwenye nyasi za Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, au uwanja wa estate, si ufuoni jua likizama na mtoto analia.

Kwa anayesafiri kwa ndege, pima mfuko kabla ya kulipa. Mashirika mengi huhesabu jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Duara la sentimita 75 lenye unene wa 5 linapita kwa shida (155), la sentimita 85 halipiti (175). Likizidi, chukua la fito linalofunguka kama mwavuli, au ununue ukifika. Kwenye programu za ununuzi za China andika "shatan zhangpeng", yaani hema la ufuo. Dameisha huhitaji kuweka nafasi mapema siku za msongamano, na fuo nyingine hukataza hema kabisa: kwenye ubao, ukiona 禁止 mbele ya 帐篷, hema haliruhusiwi hapo. Qingdao, ulizia mwani wa kijani unaoweza kujaa ufuoni kabla ya kupanga safari ya Juni au Julai.

Ukirudi nyumbani, lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa mishono ya waya na meno ya zipu, kisha lianike kivulini. Nairobi ya Julai, yenye mawingu, huenda likataka siku mbili. Kusini mwa China, majira ya unyevu kuta zinapotoa jasho, weka feni. Likifungwa mfukoni likiwa na unyevu, madoa meusi ya ukungu hayatoki hata kwa sabuni. Zipu ikikwama, fundi wa mikoba huibadilisha. Pete ikivunjika, hakuna fundi.